Bwana Leo, Bi Lillian na kaunta buku ya mama

Bibi yangu wa Tanga alikuwa na sheria moja kuhusu mjusi kafiri: ukimwona ukutani, vua ndala. Eti ndiye aliyepuliza moto wa Nabii Ibrahim uwake zaidi, kwa hiyo hana wa kumtetea. Sasa fikiria sura yake siku alipokuja kututembelea hapa Maryland, akakaa mbele ya televisheni, akamkuta mjusi huyohuyo amesimama kwa miguu miwili, anaongea Kiingereza cha mitaani London, anauza bima ya gari. Bibi alimtazama mpaka tangazo likaisha. Halafu akamgeukia mama: "Na watu wanampa pesa zao?"

Wanampa, bibi. Mabilioni.

Kama umesikiliza kipindi cha wiki hii unajua tuliigusa GEICO kidogo tu, tukacheka, tukapita. Nikasema yaliyobaki nitayaandika hapa. Mjusi mwenyewe hana historia ndefu, alianza kuonekana kwenye matangazo mwaka 1999, kwa sababu Wamarekani wakilisema jina la kampuni haraka linafanana na jina la mjusi kwa Kiingereza. Basi. Kilichonivuta mimi ni kitu kingine. Kampuni hii ilianzishwa na mtu na mkewe, mwaka 1936, na mke ndiye aliyeshika daftari. Nilipolisoma hilo nilimfikiria mama yangu, na nitakueleza kwa nini.

Mume aliitwa Leo Goodwin. Ndiyo, Leo, kama leo na kesho. Ili tusichanganyane nitamwita Bwana Leo. Mke aliitwa Lillian. Walikuwa wakiishi Texas, na wala hawakuwa vijana: kampuni ilipoanza, Bwana Leo alikuwa na miaka kama 50. Ukisikia habari za watu walioanzisha makampuni makubwa Marekani, mara nyingi unaambiwa kijana wa miaka 20 kwenye gereji ya wazazi wake. Hawa walikuwa watu wazima, kwenye umri ambao wajomba zangu wanaanza kuongelea kurudi nyumbani na kujenga.

Bwana Leo alikuwa mhasibu. Kabla ya kuanza yao alikuwa ameajiriwa San Antonio, kwenye kampuni inayoitwa USAA. Hapo inabidi tusimame, maana mbegu ya hadithi yote iko hapo. USAA ilianzishwa mwaka 1922 na maofisa 25 wa jeshi la Marekani waliokuwa hawapati bima ya gari kwa urahisi. Kampuni za bima ziliwaona kama watu wa hatari. Sababu? Walikuwa wanahamahama. Leo yuko kambi hii, mwakani kambi nyingine, hana anwani inayokaa. Basi wale maofisa wakasema, kama hamtutaki, tutawekeana bima wenyewe kwa wenyewe. Nyinyi mnaojua upatu mmeshaelewa. Watu wanaoaminiana wanachanga, mmoja akigonga gari, chungu kinamlipa.

Na ikatokea kwamba wale watu wa hatari walikuwa wateja wazuri kuliko wengi. Wana mshahara wa uhakika, wana nidhamu, wanalipa kwa wakati. Kampuni za bima zilikuwa zimehesabu vibaya.

Bwana Leo aliliona hilo kwa macho yake, kwenye vitabu vya hesabu, mwaka baada ya mwaka. Na aliona la pili. USAA haikuwatumia sana mawakala. Wakala, kama hujui, ni yule mtu wa katikati: anakuja ofisini kwako, anakuuzia bima, na kila unapolipa yeye anakatiwa chake. Ukiwaandikia wateja moja kwa moja kwa barua, na wao wakakuandikia moja kwa moja, ile pesa ya mtu wa katikati inabaki. Unaweza kumshushia mteja bei na bado ukapata faida.

Ukiunganisha hayo mawili, unaipata GEICO nzima. Tafuta kundi la watu wasiogonga ovyo. Waendee bila mtu wa katikati. Ndiyo hiyo tu, wazo lote linaenea kwenye kiganja.

Kundi walilolichagua limo ndani ya jina, ingawa siku hizi hakuna anayeangalia: herufi zile zinamaanisha Kampuni ya Bima ya Wafanyakazi wa Serikali. Wafanyakazi wa serikali kuu, na wanajeshi wa ngazi za juu za masajini. Kumbuka mwaka ni 1936. Marekani ilikuwa bado kwenye Mdororo Mkuu, mamilioni hawana kazi, mtu leo ana duka kesho hana. Katikati ya hali hiyo mfanyakazi wa serikali ana mshahara unaokuja kila mwezi. Fikiria mtu anayebandika stempu ya kodi huko ofisini, kimya, anaendesha gari lake polepole kwenda kazini na kurudi. Mteja wa ndoto.

Mtaji wao ulikuwa dola 100,000. Robo yake, dola 25,000, ilitoka mfukoni kwao. Robo tatu zilitoka kwa Cleaves Rhea, mtu wa benki wa Fort Worth. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kampuni waliyoibuni wao, sehemu kubwa ilikuwa ya mtu mwingine. Mama yangu nilipomwambia hili alisema tu, "Mwenye pesa ndiye mwenye gari. Dereva anajua njia."

Na madereva hawa walilipwa kiasi gani? Dola 250 kwa mwezi. Siyo kila mmoja. Wote wawili kwa pamoja. Kwa kazi ya saa 12 kwa siku, siku 365 za mwaka, Jumapili na sikukuu humohumo.

Sasa Lillian.

Alikuwa mtunza hesabu kwa taaluma, kwa hiyo vitabu vilikuwa vyake. Lakini kazi yake haikuishia hapo. Yeye alipima maombi ya bima na kuamua nani aingie. Alipanga bei. Aliandika mikataba. Alitafuta wateja. Ukiziandika kazi hizo kwenye karatasi na ukamwonyesha mtu wa bima, atakuuliza, sasa kampuni yenyewe inafanya nini kingine?

Niseme kidogo kuhusu hiyo kazi ya kupima maombi, maana ndiyo moyo wa bima na wengi wetu tunailipia bila kuijua. Tuseme watu 100 wanakuja kwako kutaka bima ya gari. Unajua kati yao wachache watagonga mwaka huu, lakini hujui nani. Ukiwatoza wote bei ndogo, pesa ya kuwalipa waliogonga haitatosha, unafunga duka. Ukiwatoza wote bei kubwa, wale madereva wazuri watakukimbia waende kwa jirani, unabaki na wagongaji peke yao, na unafunga duka vilevile. Kwa hiyo inabidi mtu akae, asome kila karatasi, aulize: huyu ni nani? Ana kazi gani? Anaendesha umbali gani? Nimkubali? Kwa shilingi ngapi? Hakukuwa na kompyuta ya kufanya hivyo. Kulikuwa na mtu, kalamu, na jedwali la namba.

Nikijaribu kuiona meza ile, naona rundo la barua za posta na mwanamke anazifungua moja moja. Karani wa posta kutoka jimbo fulani. Sajini. Mwalimu ambaye si mfanyakazi wa serikali kuu lakini amejaribu bahati yake. Ndiyo. Ndiyo. Samahani, hapana. Wateja hawakumwona uso. Hata wakala wa kumlaumu hakuwepo, maana walikuwa wamemwondoa. Walichokiona ni barua: umekubaliwa, au hukukubaliwa.

Mwisho wa mwaka ule wa 1936 walikuwa na mikataba 3,700 na wafanyakazi 12.

Mwaka uliofuata wakafungasha, wakahama kutoka Texas kwenda Washington. Ni akili ya kawaida tu. Kama unauza samaki, nenda feri. Washington ndiyo mji wa wafanyakazi wa serikali, na miaka ile Rais Roosevelt alikuwa anafungua idara mpya kila kukicha kupambana na Mdororo. Kila idara mpya ni makarani wapya, na kila karani mwenye gari ni barua nyingine mezani kwa Lillian.

Ingekuwa filamu, wakifika Washington tu mambo yanawanyookea. Haikuwa hivyo. Faida ya kwanza waliiona mwaka 1940. Hesabu mwenyewe: miaka minne ya saa 12 kwa siku.

Halafu mwaka 1941 ikanyesha mvua ya mawe. Sisi wa Maryland na Virginia tunazijua hizi: mawingu yanakuwa ya kijani kidogo, halafu ghafla kama mtu anamwaga kokoto juu ya paa. Ile ya 1941 iliharibu maelfu ya magari Washington na vitongoji vyake. Vioo vimepasuka, mabodi yamebonyea kama sufuria la shuleni. Kila mwenye bima akapiga simu siku hiyohiyo. Kwa kampuni ndogo hiyo ndiyo siku ya kufa.

Bwana Leo alifanya nini? Alikwenda kwenye magereji akakubaliana nao wafanye kazi usiku na mchana, saa 24, kwa ajili ya magari ya wateja wake tu. Na alijua kwamba kitakachokwisha kwanza mjini ni vioo, kwa hiyo akaagiza vioo vije kwa malori. Wateja wake walirudishiwa magari kwa siku chache, huku wa kampuni nyingine wakisubiri wiki kadhaa. Unaweza kuona jirani anavyomwangalia jirani. Hakuna tangazo la mjusi linaloweza kushindana na hilo.

Naipenda hadithi hii, lakini naomba uitazame vizuri. Inasimuliwa kila mahali kwa sababu ina malori, ina mvua, ina bwana anayepiga simu usiku. Ukweli ni kwamba siku ya mvua ya mawe kampuni ya bima huokolewa na kitu kimoja kabla ya vingine vyote, nacho ni pesa iliyomo kwenye sanduku. Na pesa inakuwa sandukuni kama kuna mtu alipanga bei sawasawa kwa miaka minne, akakataa wa kukataliwa, akaandika kila senti. Hiyo haina picha.

Vitabu vya uwekezaji nilivyopitia vinamtaja Leo Goodwin kwa jina lake kamili. Wakifika kwa Lillian wengi wanaandika "na mkewe", wanaendelea. Historia ya kampuni yenyewe, kwa haki, inawataja wote wawili.

Hapa niwaambie kuhusu nyumbani kwetu.

Baba alifika nchi hii miaka ya 1990. Tanga alikuwa dereva wa Fuso kwa miaka 11, njia ya Segera na Chalinze mpaka Dar, na kama umewahi kuipita njia ile usiku, na mabasi yale, unajua kwamba mtu aliyetoka humo mzima ana haki ya kujiita dereva. Alipofika hapa akanunua gari lake la kwanza, Corolla kuukuu, akaenda kutafuta bima. Kampuni moja, sitaitaja, ilimpa bei ambayo kwa mwaka ilikaribia bei ya gari lenyewe. Alipouliza kwa nini, msichana wa dirishani, mpole kabisa, alimwambia: huna historia ya kuendesha. Baba alidhani Kiingereza chake kimekosea. Akarudia: miaka 11, lori. Akajibiwa: hapa, bwana. Hapa huna.

Miaka 11 ikafutika hivyo. Baba husimulia kisa hiki kwa kucheka, anaigiza na sauti ya yule msichana, lakini mimi sijawahi kukiona cha kuchekesha. Na nilipofika kwenye wale maofisa 25 wa 1922, waliokataliwa kwa sababu wanahamahama, nilirudia ukurasa ule mara tatu. Maana wao pia waliambiwa kitu kilekile kwa maneno mengine: hatuna namna ya kukuhesabu, kwa hiyo wewe ni hatari. Tofauti ni kwamba wao walikuwa maofisa, walikuwa wengi mahali pamoja, na walikuwa na mishahara ya kuanzishia kampuni yao. Baba alikuwa na Corolla.

Mpaka leo, kwenye majimbo mengi ya Marekani, kampuni za bima zinaruhusiwa kuangalia historia yako ya mikopo wakati wa kukupangia bei. Mtu aliyeshuka ndege mwaka jana hana historia hiyo, hata kama huko alikotoka hajawahi kudaiwa na mtu. Wanaoitetea mbinu hii wanasema namba zinaonyesha wenye historia nzuri wanadai fidia mara chache. Inawezekana ni kweli. Hata mwaka 1922 lazima kulikuwa na mtu mwenye namba zinazoonyesha maofisa wa jeshi ni hatari.

Kwa hiyo sikiliza, simwandiki Lillian kama malaika. Kazi yake ilikuwa kufunga mlango kama ilivyokuwa kufungua. Bei nafuu ya karani wa serikali ilitoka kwenye ile "samahani, hapana" ya mtu mwingine. Ndivyo bima inavyofanya kazi, na akiifanya mtu makini, kwa kalamu, saa 12 kwa siku, inafanya kazi hivyohivyo.

Yaliyofuata nitayapitisha haraka, maana hiyo ndiyo sehemu ambayo kila mtu anaiandika. Mwaka 1948 familia ya Rhea, wale wenye robo tatu, waliamua kuuza. Mnunuzi wa nusu ya kampuni alikuwa Benjamin Graham na mwenzake, kwa zaidi kidogo ya dola 700,000. Graham alikuwa pia mwalimu wa chuo kikuu cha Columbia, New York. Mwanafunzi wake mmoja, kijana wa miaka 20, aliona kwamba mwalimu wake ni mwenyekiti wa kampuni ya bima asiyoijua, akapanda treni Jumamosi moja ya Januari 1951 mpaka Washington. Akakuta mlango umefungwa. Akagonga mpaka msafishaji akamfungulia. Ndani kulikuwa na mtu mmoja tu kazini, Lorimer Davidson, akakaa naye akamweleza biashara ya bima kwa saa kama nne. Kijana yule ni Warren Buffett. Mwaka 1996 kampuni yake, Berkshire Hathaway, ilimaliza kuinunua GEICO yote: nusu iliyokuwa imebaki ilimgharimu dola bilioni 2.3.

Mimi katika kisa hicho huwa namfikiria yule msafishaji. Jumamosi, baridi ya Januari, mtu anagonga. Angeweza kusema tumefunga.

Lillian alistaafu mwaka 1949. Bwana Leo akaendelea mpaka 1958, nafasi yake akaichukua huyohuyo Davidson. Mapema miaka ya 1970 wote wawili, mume na mke, walikuwa wameshafariki.

Na angalia kilichotokea baadaye, maana kwangu mimi hiki kinanieleza kazi ya Lillian kuliko sifa zozote. Miaka hiyohiyo ya mwanzo ya 1970 kampuni ilianza kupokea watu wa kila aina, siyo tena wale wafanyakazi wa serikali peke yao. Kupokea watu si kosa, baba yangu angeshukuru. Kosa lilikuwa kupokea bila kuhesabu. Bei zilikuwa chini mno, gharama za magereji na hospitali zinapanda kila mwezi, na pesa iliyowekwa pembeni kulipia madai haikutosha. Mwaka 1975 walipata hasara ya zaidi ya dola milioni 120. Kampuni ilikaribia kabisa kufungwa. Mwaka 1976 wakamleta Jack Byrne kuiokoa, akafunga maofisi, akapandisha bei, akaachana na jimbo zima la New Jersey.

Yaani walisahau ile meza. Walikumbuka kuuza, wakasahau kusoma karatasi moja moja na kuuliza: huyu, kwa shilingi ngapi?

Makao makuu yao kwa miongo mingi yalikuwa Chevy Chase, kwenye Western Avenue, mpakani kabisa mwa Maryland na Washington. Nimeshapita hapo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwenye kiti cha nyuma cha gari la baba. Maana baba hakukata tamaa na Corolla yake. Alianza na teksi ya mtu, halafu akafungua kampuni ndogo ya kupeleka watu uwanja wa ndege, Dulles na BWI. Gari moja, baadaye mbili. Waswahili wote wa Silver Spring wanaijua kama kampuni ya mzee. "Mpigie mzee akupeleke."

Wakipiga, alikuwa anapokea mama.

Mama alikuwa na kaunta buku, ile ndefu yenye gamba gumu, aliletewa kutoka Dar kwa sababu hakuziamini daftari za hapa, anasema zinachanika. Upande wa kushoto safari, upande wa kulia matumizi. Mafuta, barabara za kulipia, tairi, bima. Kila Jumapili jioni alijumlisha, na sisi tuliambiwa tunyamaze. Nilikuwa namwona kama mtu anayemsaidia baba. Ndivyo alivyokuwa anasema mwenyewe: namsaidia baba yenu.

Wiki iliyopita nilipokuwa naandaa kipindi nilimpigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamsimulia habari za Lillian, saa 12, dola 250 za watu wawili. Alisikiliza vizuri tu, nasikia maji ya sinki nyuma. Halafu nikamwuliza, kwenye kampuni ya baba, nani alikuwa anaamua bei?

"Ya kwenda Dulles? Mimi. Baba yako angewapeleka watu bure, si unamjua. Anaona haya."

Na mteja wa kukataa?

"Mimi. Yule bwana wa Rockville aliyekuwa halipi mpaka umdai mara tatu, nilimwambia gari ziko gereji. Miaka miwili gari ziko gereji." Akacheka.

Na la pili kununua, ile Camry?

Kimya kidogo. "Baba yako alitaka gari kubwa, la watu saba. Nikamwonyesha daftari. Nikamwambia hesabu inasema Camry. Ile kubwa ingetufilisi, na bima yake tu!"

Nikamwuliza kama jina lake limo popote kwenye karatasi za kampuni. Akasema kwenye karatasi yumo baba, kwani ndiye aliyekwenda kuiandikisha, na yeye siku hiyo alikuwa kazini. Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayetaja namba ya nyumba. Nikamwuliza kaunta buku ziko wapi. Zote ziko, saba, chini ya kitanda, kwenye sanduku la viatu vya baba vya harusi.

"Unazitakia nini?"

Nikasema nataka kuzipiga picha.

"Za nini sasa, mahesabu ya mafuta?" Halafu kabla sijajibu akarudi kwenye alilokuwa analiwaza muda wote: "Hebu niambie. Huyo mama wa bima. Saa 12 kazini, Jumapili kazini, na mume naye yuko ofisi hiyohiyo. Sasa pale nyumbani nani alikuwa anapika?"

Jumamosi naenda kuzichukua hizo daftari. Wenye wazazi waliofungua biashara hapa, iwe saluni, mgahawa, malori, kazi ya kutunza wazee, tutumieni sauti zenu: nani alikuwa anashika daftari? Dakika mbili zinatosha. Mkiweza, mwulizeni mwenyewe, simu ikiwa mezani.